Risasi ya kutoboa na risasi ya kuziba

Jumapili iliyopita mpwa wangu aliniuliza swali mbele ya mzinga, na jibu nililompa pale halikunitosha mimi mwenyewe. Tulikuwa Ngomeni, hapa Mombasa, nje ya Fort Jesus, kando ya mzinga uliotoka kwenye ile manowari ya Wajerumani, Königsberg. Ana miaka 14. Kwenye simu yake ana mchezo wa ndege za vita vya zamani, na humo ndege ikiguswa tu inalipuka pale pale, bawa huku, mkia kule. Akaniuliza, "Mjomba, sasa zile za kitambaa, za zamani kabisa, si risasi moja tu inazichana kama mwavuli?"

Nikamwambia, "La, baba, si hivyo." Nikaanza kumweleza, mara mamake akapiga simu kwamba chakula kiko tayari, tukapanda tuktuk tukarudi. Wiki nzima maneno yamenikaa kifuani. Nayaandika hapa ayasome, na nyinyi msome naye.

Mimi ni fundi wa rejeta. Karakana yetu iko Magongo, na ndege zinazoshuka uwanja wa Moi hupita chini kiasi kwamba bati la paa linatetemeka. Kazi hii nilifundishwa na marehemu baba nikiwa bado nasoma. Rejeta ikiletwa inavuja, tunaziba midomo yake, tunatia upepo kwa pampu, tunaizamisha kwenye pipa la maji na kungoja mapovu. Panapotoka povu ndipo penye tundu. Tunapasugua, tunapaka asidi, tunapapitisha lehemu. Na lehemu ya kazi yetu ni nini? Ni risasi iliyochanganywa na bati. Nilipokuwa mdogo jambo hili lilinishangaza mno, kwamba risasi ya bunduki na risasi ya kuzibia rejeta ni neno moja kwa sababu ni madini yale yale.

Baba alikuwa na msemo wake: gari haliuawi na tundu, linauawa na kilichotokea tunduni. Tumeona matatu zimeliwa na kutu hadi abiria anaiona lami chini ya miguu yake, na zinafanya kazi mwaka mzima. Lakini tundu la ncha ya sindano kwenye rejeta, gari likianza kupanda Mazeras limechemka, na Mariakani halifiki. Injini imeshika, pistoni zimegandana na silinda, mwenye gari analia.

Ndege za vita nilianza kuzisoma kwa ajili ya rejeta. Ndiyo mlango nilioingilia.

Turudi kwenye mzinga. Septemba 20, 1914, Königsberg iliizamisha meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja, kisha ikaenda kujificha ndani ya matawi ya mto Rufiji, kwenye mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakamtafuta rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, aliyeruka na ndege ya Curtiss, aina ya kutua majini. Safari ya kwanza alipotea, hakuwa na dira, akatua kwenye kisiwa kisicho na watu. Safari ya pili akaiona meli. Ya tatu akaenda na ofisa wa jeshi la majini ili athibitishe kwa macho yake, na safari ile risasi za kutoka chini zikaitoboa rejeta.

Mabawa yalikuwa mazima. Kitambaa kilikuwa kizima, au kama kilitoboka hakikumzuia mtu kurudi. Lakini ndege ile ikakaa chini haina kazi, ikingoja vipuri vya rejeta. Na vipuri vilitoka wapi? Mombasa.

Niliposoma hapo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje. Mwaka 1914, kabla babu yangu hajazaliwa, mji huu ulitoa vipuri vya rejeta ya ndege ya vita. Nimejaribu kumwaza aliyevitoa vile vipuri. Labda ni mtu wa bandarini, labda fundi wa shaba aliyekuwa na duka la sufuria na mabirika. Aliambiwa ni vya nini? Alipimiwa kwa kipande cha kamba? Cutler alipata rejeta yake, akaruka tena, na siku nyingine akaanguka karibu na mto, Wajerumani wakamkamata.

Ndege zilizomfuata, za Sopwith na za Short, zilipata taabu ambayo mtu wa pwani anaielewa upesi. Zilikuwa za mbao na gundi, na gundi ya Ulaya kwenye joto letu ililainika. Zile za Sopwith zikaachana vipande kabla hazijafanya kazi ya maana. Kwa hiyo mpwa wangu ana haki kidogo: zilikuwa dhaifu. Ila udhaifu wake haukuwa pale anapodhani.

Julai 11, 1915, ndiyo siku ninayotaka aikumbuke kila akipita mbele ya mzinga ule. Meli mbili za Waingereza za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni kuipiga Königsberg, na juu yake ikazunguka ndege ya Henri Farman. Rubani alikuwa John Cull, na mwenzake Arnold alikuwa akituma ishara kwa redio: risasi zenu zimekwenda mbali, zimekuwa fupi, sogezeni kushoto. Königsberg ikaipiga ndege, injini ikafa. Sasa angalia. Ndege ya kitambaa, injini haifanyi kazi, chini kuna mto wa mamba. Haikuchanika kama mwavuli. Iliteleza hewani polepole ikishuka, na wakati inashuka Arnold aliendelea kutuma ishara, mizinga ya wenzake ikaanza kupata shabaha. Ikatua mtoni ikapinduka, Cull akanaswa na mkanda wake chini ya maji, akajinasua, mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Siku ile ile Königsberg ikaisha. Mizinga yake Wajerumani waliing'oa wakapigania nchi kavu, na mmoja ndio ule watoto wanaupanda kupigia picha.

Kwa nini kitambaa hakikuwasaliti? Nyumba ya bibi yangu, Takaungu, ilikuwa ya udongo na makuti. Nguzo zilisimama, boriti zikalala juu yake, fito zikafungwa, makuti yakatandazwa. Makuti ni kivuli na kinga ya mvua tu, hayabebi nyumba. Ukirusha jiwe likapenya, nyumba haina habari. Ukitaka kuiangusha, ukate nguzo. Ndege ya kitambaa ni nyumba ile. Ndani mna mifupa ya mbao au ya mabomba ya chuma, na juu yake nguo iliyopakwa dawa ikakaza. Risasi inaingia upande huu, inatokea upande ule, inaacha matundu mawili ya kushonwa jioni. Ili ianguke, lazima risasi ikutane na kitu: mhimili wa bawa, waya wa usukani, injini, tangi, mtu.

Ndege za baadaye, kama Spitfire ya Waingereza, zilijengwa kwa njia nyingine. Bati lenyewe la nje ndilo linalobeba mzigo. Mpwa wangu, chukua mkebe mtupu wa soda, usimamie taratibu kwa mguu mmoja. Utakubeba. Kisha mwambie dadako aubonyeze ubavuni kwa kidole. Utaporomoka. Umbo la namna hii ni jepesi na lina nguvu sana likiwa zima, na tundu dogo la risasi halilisumbui, lakini kombora la mzinga mdogo, la milimita 20, likipasuka ndani linafungua bati na nguvu zinakosa pa kupita. Hurricane, iliyopigana bega kwa bega na Spitfire mwaka 1940 na kutumia injini ile ile ya Merlin, ilikuwa na mkia wa mabomba na kitambaa. Kombora liliweza kupita moja kwa moja, na mafundi wakarudisha kitambaa haraka. Sisemi Hurricane ilikuwa salama. Ilikuwa na tangi la petroli mbele ya rubani, na likishika moto, moto ulimjia usoni na mikononi. Vijana wengi waliungua vibaya sana. Sitaki mtu asome hapa akadhani nasifu vita.

Iliyo nzuri kuliko zote, kwa macho ya fundi, ni Wellington, ndege ya Waingereza ya kuangusha mabomu. Huyu Barnes Wallis aliyechora mifupa yake sijui kama aliwahi kuona dema la wavuvi wetu, lakini alilisuka. Mwili mzima ni vipande vya duralumini, alumini iliyochanganywa ikawa ngumu, vilivyopishana kwa mshazari, huku na huku, kama fito za dema, kisha kitambaa juu. Katika dema ukikata fito tatu, nne zilizobaki zinashika kazi, samaki hatoki. Wellington zilirudi Uingereza zikiwa na madirisha ubavuni ambayo hakuna aliyeyachora, mtu unaona ng'ambo ya pili, na bado zimeruka.

Ndege ya kitambaa iliyofika karibu nasi kabisa ni Swordfish, ya Waingereza, ya kubeba torpedo, yaani kombora la kupita majini. Aprili 1942, Wajapani walipopiga Colombo na Trincomalee, meli za Waingereza za bahari hii zilihamia Kilindini, na manowari za kubeba ndege zikawa zinaingia bandari yetu. Swordfish ilikuwa na mabawa mawili, juu na chini, kamba na nyaya kila mahali, na mwendo wake mtu angeucheka. Injini yake iliitwa Pegasus, jina la ile meli iliyozama Unguja, na haikuwa na rejeta. Silinda zake zimepangwa duara zikipigwa na upepo. Mwaka mmoja kabla, Mei 26, 1941, Swordfish 15 kutoka manowari Ark Royal ziliishambulia Bismarck, manowari ya Wajerumani, jioni yenye bahari chafu. Hata moja haikuangushwa. Moja ilirudi na matundu 175, rubani na mpiga bunduki wakiwa wamejeruhiwa. Torpedo moja ikaukwamisha usukani wa Bismarck, na kesho yake ikazama.

Matundu 175! Ningekuwa fundi wake ningelia kwa furaha kisha nikatafuta sindano.

Lakini hapa lazima niseme na ile nyingine. Februari 12, 1942, Swordfish sita zikiongozwa na Eugene Esmonde zilitumwa mchana kweupe dhidi ya manowari za Wajerumani zilizokuwa zikipita mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, zikilindwa na ndege za kasi. Zote sita ziliangushwa. Watu walikuwa 18, wakafa 13, Esmonde mmoja wao. Kitambaa ni kile kile, mabomba ni yale yale, injini ni ile ile. Tofauti ni kwamba risasi zilikuwa nyingi na zilikuja kutoka nyuma, kutoka kwa ndege zenye mizinga, na zilikuwa na muda wa kutosha hadi zikutane na mtu. Makuti hayazuii jiwe, yanalipitisha tu. Na aliyekaa chini ya makuti?

Sasa nije kwenye kazi yangu. Ndege za injini ya maji, yaani inayopozwa kwa maji, zilikuwa na mdomo mwembamba mbele, zinakata upepo vizuri, lakini zilibeba rejeta. Spitfire za mwanzo zilikuwa nayo chini ya bawa la kulia. Mustang ya Wamarekani ilikuwa nayo chini ya tumbo, na mabomba marefu ya maji kutoka mbele hadi katikati ya mwili. Kila inchi ya mabomba yale ni mahali pa kufia. Risasi moja ya bunduki ya mkononi, ya askari aliyelala mtaroni, ikipata bomba lile, maji na glikoli, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, vinatoka kama moshi mweupe, na rubani ana dakika chache tu. Vita vya Korea Mustang zilitumwa kushambulia ardhini, chini chini, na nyingi zilipotea kwa risasi za kutoka ardhini. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa la aliyezituma. Huwezi kuipeleka rejeta mahali ambapo kila mtu ana bunduki.

Warusi walilifahamu jambo hilo walipotengeneza Il-2, ndege ya kushambulia ardhini. Walichukua chuma cha kuzuia risasi wakakifanya ndio mwili wenyewe wa mbele, kama beseni, na ndani ya beseni wakaweka injini, rubani, na rejeta pia.

Wamarekani walikuwa na Thunderbolt, injini ya upepo yenye silinda 18, ndege nzito kama lori. Juni 26, 1943, rubani Robert Johnson alirudi nayo Uingereza baada ya kupigwa na Wajerumani hewani. Alisimulia mwenyewe kwamba alianza kuhesabu matundu akiwa amesimama mahali pamoja, akapita 200, akaacha.

Injini ya upepo haina maji, lakini ina mafuta ya kulainishia, na hayo pia hutoka. Juni 4, 1942, kijana wa Kijapani, Tadayoshi Koga, alikuwa juu ya Dutch Harbor, Alaska, na ndege yake ya Zero, ndege ambayo wakati ule kila mtu aliiogopa. Risasi kutoka ardhini ikakata bomba la mafuta. Bomba moja. Akaenda kutua kisiwa cha Akutan, palipoonekana nyasi. Kumbe ni tope. Magurudumu yakazama, ndege ikapinduka, naye akafa pale. Wamarekani waliikuta ndege ikiwa karibu nzima, wakaitengeneza wakairusha San Diego, wakajua siri zake zote.

Zero ilikuwa nyepesi kwa sababu ilikuwa imenyimwa kinga. Haikuwa na chuma nyuma ya rubani, na matangi yake ya petroli yalikuwa bati tupu. Wengine walikuwa wanavisha matangi mpira wa tabaka, na ndani yake tabaka la mpira mbichi. Risasi ikipita, petroli inagusa mpira mbichi, mpira unavimba, tundu linajifunga lenyewe. Nilipomweleza jambo hili mzee mmoja jirani yetu, fundi wa kuziba pancha, aliniambia, "Wallahi, hao walikuwa mafundi." Ndilo neno lake kubwa kuliko yote.

Kipevu, pale penye magati ya kontena sasa, kulikuwa na Catalina za kikosi cha 209 cha Waingereza, zikitoka kutafuta nyambizi. Catalina ni ndege na ni mashua, kwa hiyo tundu linaiua mara mbili. Hewani inaweza kulibeba. Ikitua, maji yanaingia. Fundi wa jahazi angekwambia haya bila kuangalia, ndiyo maana ya kalafati, kuziba nyufa za chombo. Habari ninayoikumbuka kuhusu Catalina haikutokea hapa, ilitokea kaskazini kabisa, karibu na Norway, Julai 17, 1944. Rubani wake, John Cruickshank, alishambulia nyambizi, ikampiga. Alipata majeraha 72. Saa tano na nusu za kurudi alikuwa akizimia na kuzinduka, msaidizi wake akiwa amejeruhiwa pia. Walipofika hakukubali kutua gizani. Wakazunguka mpaka kukapambazuka, wakatua, na kwa kuwa ndege ilikuwa imetoboka waliiendesha juu ya maji moja kwa moja hadi ufuoni isizame. Mtu mwenye matundu 72 alijua tundu la ndege yake liko wapi.

Jana mpwa wangu alikuja karakana. Nilimpa rejeta ya zamani ya shaba, ya lori, ambayo mwenyewe hakuirudia. Nikampa msumari na nyundo, nikamwambia, "Itoboe unapotaka, usinionyeshe." Nikageuka nikaangalia barabara. Aliporudi nikamwambia alitafute tundu mwenyewe. Akaziba midomo, akatia upepo, akaizamisha kwenye pipa. Mapovu yakatoka pale alipotoboa, na akacheka.

Kisha akanyamaza, akainama karibu na maji.

"Mjomba, na pale chini kwenye kona panatoka vidogo vidogo. Pale sikupatoboa mimi."

Nikamwambia alete lehemu.